Mombasa, Ambako Hawanijui

Wusi,
3 Februari 2025

Mama Shanice,

Natumai wewe na Shanice hamjambo. Nakuandikia kwa sababu simu hainifai tena. Masikio yamekufa yote mawili, na maandishi ya simu kwangu ni siafu wanaotembea. Mutiso wa pikapu ya mboga hushuka Voi kila Jumatatu na Alhamisi, naye amekubali kuwa posta yetu. Ukijibu, mpe yeye.

Daktari aliniambia kwamba moyo wangu umechoka, na dawa zitausaidia tu kuchoka polepole. Nikamuuliza kama naweza kusafiri. Akaniandikia kwenye karatasi: "Mwalimu, kama kuna mahali unataka kwenda, nenda sasa."

Nataka kwenda Mombasa. Nimefundisha jiografia tangu ujana, nimechora bandari ya Kilindini ubaoni hadi chaki ikaisha, lakini mji wenyewe naujua kwa mikutano ya walimu tu: ukumbi, wali baridi, basi, nyumbani. Sasa nataka kwenda kama mtu aliyekwenda kutembea. Nakuomba twende pamoja, na Shanice naye, kama hali yake inaruhusu.

Mpango ni huu. Ijumaa baada ya Pasaka tunapanda treni ya mchana hapo Voi. Jioni tunakula viazi karai na mishikaki. Jumamosi tunaona Fort Jesus na Mji wa Kale, tunakula samaki wa kupaka. Jumapili, mapema kabla ya watu kutoka, tunakwenda bustani ya Mama Ngina pale baharini, tunanunua juisi ya miwa. Kisha biriani, kisha treni ya kurudi.

Najua hatujawahi kusafiri pamoja. Najua pia kwamba tangu tumzike mwanangu, mume wako, hatujakaa meza moja isipokuwa kwenye matanga ya watu wengine. Sina tena muda wa kuzungusha maneno. Naomba uje.

Wakio


Kaloleni, Voi,
9 Februari 2025

Mama,

Barua yako ilinikuta hotelini nikikanda unga, mikono yote nyeupe, ikabidi Mutiso anifungulie. Wateja wakaniangalia. Mzee Kiema, yule fundi viatu anayekula kwangu kila mchana, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, mama mkwe anataka kunipeleka Mombasa tukale. Akaweka kijiko chini. "Mama Shanice," akasema, "Mtaita akikualika kula, geuka uone aliye nyuma yako."

Nilicheka, lakini niligeuka.

Mpango wako ni mzuri, ila umepangwa na mtu wa ramani, si mtu wa chakula. Viazi karai haviliwi na mishikaki, vinaliwa peke yake na ukwaju, ukiwa umesimama. Asubuhi lazima mahamri na mbaazi, na hujaandika mahamri popote. Fort Jesus tuende asubuhi, mchana kule jua linakaanga watu. Na chumvi je? Daktari hakukukataza chumvi?

Shanice ana mimba ya miezi minne na kitu. Unajua ile ya mwaka jana ilitoka, kwa hiyo anatembea kama amebeba mayai. Amesema treni haina shida na kwamba anataka biriani.

Sasa kuna kitu kimoja kimenikwama. Juisi ya miwa "mapema kabla ya watu kutoka". Mama, wauza juisi ya miwa pale hufungua jua likishapoa. Hakuna mtu anayekunywa hiyo kitu alfajiri. Na mbona mimi? Unaye Elsie, mpwa wako unayeishi naye. Unao Umoja wa Akina Mama kanisa zima. Miaka tisa tangu mazishi hujawahi kuniambia hata karibu chai.

Niambie unataka nini, nitakuja.

Nthambi


Wusi,
16 Februari 2025

Mama Shanice,

Mahamri yameingia. Mishikaki nimeihamishia Jumamosi usiku. Kuhusu ukwaju nakubali, wewe ndiye mpishi. Chumvi nimekatazwa, nami nimesikia, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakinisikia.

Fort Jesus imekuwa asubuhi. Elsie anasema kuna ngazi nyingi. Nitakaa chini kivulini na nyinyi mtanieleza mkirudi.

Kuhusu juisi, sioni ajabu. Mzee wa miaka sabini na tisa haruhusiwi kunywa juisi saa anayotaka? Napenda pahali pakiwa patulivu. Basi.

Umeniuliza mbona wewe. Wewe ni mke wa Lewis. Hiyo haitoshi?

Mwambie Kiema kwamba Wakamba ndio waliotufundisha kugeuka nyuma.

Wakio


Kaloleni,
23 Februari 2025

Mama,

Elsie alishuka jana kuchukua dawa zako akapita kwangu. Nilimpa chapati na ndengu. Alipomaliza akaanza kulia, akasema, "Auntie, nafikiri akili ya Mwalimu inaondoka." Anasema amekukuta mara kadhaa nyuma ya jiko, umeshika kikombe, unachukua kinywa cha chai, unapuliza nje, unaongea, halafu unapuliza tena. Alipokushika mkono ulimwambia unasukutua meno.

Mama, meno gani?

Mimi ni Mkamba, mambo yenu siyajui yote. Lakini kuna mama mmoja mzee wa Mwatate huniletea mchicha. Nikamuuliza mtu akipuliza chai nje na kuongea peke yake ni ugonjwa gani. Akaniangalia hivi. Akasema, "Huo si ugonjwa. Huyo anatasa. Ana hasira na mtu wake, anataka kuitoa kabla haijamuua huyo mtu." Nikamuuliza wanatumia nini. Akasema zamani ilikuwa pombe ya miwa, lakini hata juisi yake inafaa.

Sasa nimeelewa safari yetu. Unataka kunipeleka mbali, unilishe samaki, halafu asubuhi unipulizie juisi usoni kwa sababu una hasira na mimi. Ungekuja tu hapa hotelini ukaniambia "Nthambi, nakuchukia kwa hili na hili", ningekupa kiti.

Sitakuja Mombasa. Na Shanice simleti.

Nthambi


Wusi,
2 Machi 2025

Nthambi,

Umegundua nusu. Elsie sijamgombeza. Nitakueleza nusu ya pili, na baada ya hapo uamue.

Wazee wetu walishika jambo moja kuliko yote: hasira ya mzazi ikifichwa moyoni haikai bure. Hata usipoitamka, hutoka ikamdhuru uliyemkasirikia, au aliye karibu naye. Dawa yake ni kutasa. Unachukua kinywa cha maji au cha pombe ya miwa, unakipuliza nje, na kila unapopuliza unaitaja hasira yako na kuiambia iende, kisha unamtakia mema yule mtu. Sharti ni moja, iwe kweli. Ukipuliza huku umeishikilia, umetema mate tu.

Mimi niliwafundisha watoto wa Wusi kwamba hayo ni mambo ya giza. Nilipokuwa mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama nilisimama kanisani nikamtaja mama mmoja kwa jina, kwa sababu alimtasia mjukuu wake mwenye homa. Yule mama alikaa kiti cha nyuma hadi alipokufa. Hivyo hapa siwezi. Kila ninayekutana naye njiani nilimfundisha kusoma. Nikasema nitakwenda Mombasa, ambako hawanijui, nitakuwa bibi mmoja tu anayetema juisi baharini.

Sasa hasira yenyewe. Si yako. Ni ya Lewis.

Unakumbuka kikao cha mazishi, nyumbani kwa shemeji yangu Sylus. Wazee walisema Lewis aletwe Wusi alale karibu na baba yake. Ukasimama. Ukasema Lewis mwenyewe alikuomba, akiwa kitandani, azikwe Kaloleni, na asirudishwe huku. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Wakati huo masikio yalikuwa mazima. Neno la marehemu hatulivunji, kwa hiyo wakanyamaza wote, nami nikanyamaza.

Nilijua kwa nini alisema vile. Alipotaka kukuoa nilimwambia asiniletee Mkamba. Baadaye mlikuja, nikawapikia kimanga cha mihogo na maharagwe, nikadhani yamepita. Kumbe aliyahifadhi yote hadi siku ya kufa, akayatumia. Alinikataa mimi na nyumba niliyomzalia. Nimemkasirikia kila siku tangu hapo, hata nikiwa nimepiga magoti. Mama kumkasirikia mtoto aliye hai ni jambo la kawaida. Mimi nimemkasirikia aliye kaburini, na hawezi hata kunijibu.

Mwaka jana Shanice alipopoteza mimba nilikaa jikoni nikajiuliza hasira yangu inakwenda wapi ikishamkosa mwenyewe. Sijui kama naamini. Najua tu kwamba sitaki kufa nikiwa bado najiuliza. Aliyekufa hatasiwi, ila damu yake inaweza kukaa mbele yako. Ndiyo sababu nilimtaka Shanice. Wewe nilikutaka kwa sababu wewe ndiye uliyesikia maneno yake ya mwisho, na nilitaka uniambie aliyasema kwa sauti gani.

Wakio


Wusi,
19 Machi 2025

Nthambi,

Mutiso anaapa kwamba barua alikukabidhi mkononi. Kama umekataa, andika kwamba umekataa. Kukaa kimya kunanichosha kuliko mlima.

Wakio


Kaloleni,
26 Machi 2025

Mama,

Nimeandika hii mara nyingi na kuiwashia jiko. Hii ya leo nitampa Mutiso kabla sijaisoma tena.

Lewis hakusema.

Siku ile ya mwisho hospitalini aliongea juu ya bomba la tangi linalovuja. Akauliza kama Shanice amemaliza hesabu zake. Akataka uji, nikamletea, akasema umepoa. Kuhusu kuzikwa hakusema neno, kwa sababu hakujua anakufa, na mimi nilijua na sikumwambia. Kwa hiyo hakukukataa, Mama. Hakumkataa baba yake. Wusi alikuwa akiitaja kila mvua ikinyesha, anasema sasa huko juu kuna ukungu.

Mimi ndiye niliyesema. Nilifika kwenye kikao nikakuta wazee wameshakubaliana. Sylus akanigeukia kwa upole kabisa akasema, "Usijali, Mama Shanice, utakuwa ukija kutembelea." Kutembelea. Nikajiona nimefunga leso, nimebeba sukari, nabisha hodi kwenye kaburi la mume wangu mwenyewe. Nilijua Wataita mnaogopa kuvunja neno la marehemu. Nikalichukua nikalitumia. Nikaongeza na lile la kwamba asirudishwe huku, ili asibaki mtu wa kubisha.

Nilimtaka karibu. Kila asubuhi nikienda kuwasha jiko nampitia hapo chini ya mwarobaini, namwambia bei ya unga.

Na nikuambie lililo baya zaidi. Wewe sikukufikiria. Nilimfikiria Sylus, nikafikiria ukoo, nikafikiria shamba. Wewe uliyekaa karibu na mlango sikukufikiria hata kidogo. Hadi barua yako ilipofika sikujua kwamba kulikuwa na mtu aliyeumia. Nilidhani mmekasirika tu.

Nimeona heri unikasirikie mimi kuliko yeye.

Nthambi


Wusi,
30 Machi 2025

Mama Shanice,

Nimesoma. Usije na usiandike.

Wakio


Wusi,
13 Aprili 2025

Nthambi,

Wiki ile ya kwanza Elsie alinificha mkongojo, kwa sababu nilikuwa naupiga mezani. Alisema nitavunja meza au mkono. Nilikutukana kwa Kidawida, lugha yetu, maneno ambayo sikujua kwamba bado ninayo. Sikwenda kanisani. Mchungaji alikuja kuniona, nikamwambia nina mafua.

Kisha asubuhi moja niliamka, nikamtafuta Lewis moyoni nimkasirikie kama kawaida yangu, nikakuta hayuko pale. Alikuwa mahali pengine kabisa. Alikuwa mtoto wa darasa la pili, amevua viatu akavificha kwenye mtaro ili afike shuleni miguu mitupu kama wenzake. Nilikaa naye hadi chai ikapoa. Tangu tumzike sikuwahi kumwona hivyo, kwa sababu kila alipokuja nilikuwa namuuliza swali lile moja.

Kwa hiyo hasira yote sasa ni yako, na ni nyingi. Ulininyang'anya mtoto mara mbili, kwanza mwili, kisha sura yake. Sitakuambia kwamba nimekusamehe, maana kwenye jambo hili uongo hauruhusiwi. Lakini wewe uko hai, una uso, unaweza kupanda treni. Hasira ya namna hiyo ina dawa.

Safari iko palepale. Ijumaa ya tarehe ishirini na tano. Nimekubali juisi iwe Jumamosi jioni, wauzaji wakiwa wamefungua. Shanice aje kwa ajili ya biriani tu. Wewe ndiye utakayekaa mbele yangu.

Leta kitambaa, nitakulowesha.

Wakio


Wusi,
1 Mei 2025

Nthambi,

Nimelala siku tatu na sasa naweza kushika kalamu. Miguu imevimba, na daktari ataniuliza kuhusu chumvi. Nitamwambia ukweli: viazi karai, mahamri, samaki, achari, na ile mihogo ya Shanice niliyomwibia akiwa amesinzia kwenye treni.

Nataka kuandika ya Jumamosi jioni, maana sikuwa nikisikia na huenda nilipayuka.

Nilisema: hasira yangu kwa Nthambi kwa kunidanganya, itoke. Hasira yangu kwa Nthambi kwa kutonifikiria, itoke. Hasira yangu kwa Nthambi kwa kumpitia Lewis kila asubuhi na mimi simpitii, itoke. Hiyo ya tatu sikuwa nimeipanga. Kisha nilikutakia hoteli yako ijae, na Shanice azae salama. Juisi ilikuwa na tangawizi nyingi mno, ndiyo maana nilikohoa. Muuzaji alidhani siipendi akaniletea nyingine bure.

Ulilia, ukajifuta kwa kitambaa, na sikujua unafuta juisi au nini. Sikuuliza.

Halafu Lynn. Katika mji mzima wa Mombasa, tukutane na mwenyekiti wa sasa wa Umoja wa Akina Mama wa Wusi, amekwenda kumwona binti yake. Nilimfundisha tangu darasa la kwanza. Alisimama pale na mfuko wake wa mabuyu, nikaona midomo yake ikisema, "Mwalimu, hata wewe?" Nikamwambia, hata mimi. Akatazama kikombe. Kisha akauliza kama juisi imebaki kidogo. Tulimwachia benchi. Ya kwake siyajui wala sitayauliza.

Imetoka, Nthambi. Si yote. Iliyobaki ni ndogo, haitoshi kumdhuru mtu, na nitakwenda nayo.

Kuna jambo moja sikulisema kule. Sylus na wazee wote bado wanaamini Lewis aliikataa Wusi. Jina lake likitajwa hushusha macho. Nikifa kutakuwa na kikao, na wewe utakuja. Nakuomba usimame tena pale uliposimama, useme Lewis hakukataa nyumbani. Kaburi libaki lilipo, nimeliona kwenye picha za Shanice na mwarobaini una kivuli kizuri. Useme hivyo tu, kisha ukae. Watakukasirikia, nami sitakuwepo kukusaidia. Ndiyo maana ni ombi, si amri.

Mama


Kaloleni,
7 Mei 2025

Mama,

Barua nimeisoma hapo chini ya mwarobaini, kwa sauti, ili na yeye asikie anavyoharibiwa jina na kutengenezewa.

Jibu langu ni hapana. Sitangoja ufe ndipo niseme. Nisipokuona umekaa mle ndani nitaogopa, nitasema nusu, na nusu nishawahi kusema.

Nimempigia Sylus simu. Nimemwambia aite wazee Jumapili hii baada ya kanisa, nyumbani kwake, wale wale. Akauliza, "Kikao cha nini, na hakuna aliyekufa?" Nikamwambia ndiyo maana. Kisha akauliza kama nitaleta chapati. Nitaleta. Baada ya kunisikia sijui kama watazila.

Shanice anakuja. Amesema amechoka kuwa na baba ambaye watu wakimtaja wanashusha macho.

Usikae karibu na mlango safari hii. Mwambie Elsie akuwekee kiti mbele, unitazame. Najua hutasikia. Nitasema polepole, uso juu, kila neno ulione likitoka.

Nthambi